Kishikwambi Kitaingia Chekechea kwa Lengo la Nani?

Alhamisi iliyopita mwalimu mmoja wa chekechea wa hapa Buyenzi alinijia nyumbani jioni, karatasi mbili mkononi. Ya kwanza ilikuwa nakala ya tangazo lililokwisha kubandikwa kwenye geti la shule yake: kuanzia mwaka ujao wa masomo, watoto wenye umri wa miaka mitatu hadi sita watajifunza kwa vishikwambi. Ya pili aliiandika kwa mkono wake mwenyewe. Mwenye shule alikuwa amemwagiza aandike malengo ya kutumia teknolojia darasani, yasomwe mbele ya wazazi katika mkutano wao. "Kaka, nikosolee Kiswahili," aliniambia, "mawazo niachie mwenyewe."

Naomba, wanafunzi wangu, muutazame kwanza mpangilio wa mambo hayo. Kifaa kilitangazwa, ada ikapandishwa, kisha ndipo mwalimu akaulizwa kifaa kina kazi gani. Ni sawa na mtu aliyenunua kufuli, halafu akaanza kuzunguka mtaani akitafuta mlango wa kulitia. Sisemi haya kwa kuilaumu shule moja. Tembeeni mjini mwetu mkatazame mageti ya shule za watoto wadogo, mtaona mara nyingi neno kompyuta limeandikwa kwa herufi kubwa kuliko neno mwalimu, nasi wazazi tunalipenda neno hilo. Chekechea, ambayo wengi hapa bado huiita kwa jina lake la Kifaransa, kwa sehemu kubwa hulipiwa na wazazi wenyewe. Uamuzi wa mwaka 2005 wa kufuta ada uliihusu shule ya msingi. Chekechea ikabaki sokoni, na penye soko hapakosi tangazo.

Kabla sijaendelea, neno moja la msamiati. Kishikwambi ni ile kompyuta bapa, kubwa kuliko simu, inayoendeshwa kwa kuguswa kwa kidole. Wako wanaoiita tableti, nami sigombani nao. Lakini kishikwambi ni neno lenye historia ya kufurahisha. Lilienea sana midomoni mwa watu wa Tanzania wakati wa Sensa ya Agosti 2022, makarani walipopita nyumba kwa nyumba na vifaa hivyo. Sensa ilipokwisha, vishikwambi vile viligawiwa walimu. Zingatieni hapo: walimu. Kenya ilikuwa imeshika njia nyingine. Mwaka 2013 viongozi waliahidi kompyuta za mkononi kwa watoto wanaoanza darasa la kwanza. Zabuni ikaishia mahakamani, mpango ukabadilika, na mwaka 2016 vishikwambi vya wanafunzi vikaanza kupelekwa katika shule za msingi za umma, hata mwishowe vifaa vya mpango huo vikapita milioni moja. Rwanda, jirani yetu, ilitangulia kwa miaka kadhaa: tangu 2008 watoto wake walipewa zile kompyuta ndogo za rangi ya kijani na nyeupe za mradi wa Kimarekani uliotaka kila mtoto awe na kompyuta yake. Mipango hiyo mitatu ina swali moja ndani yake. Kifaa kinawekwa mkononi mwa nani, naye amejiandaa kukifanyia nini?

Nakiri kwamba niliposoma ile karatasi ya tangazo nilikuwa tayari na jibu langu. Watoto wa chekechea, nilijiambia, waachiwe udongo, vizibo vya soda vya kuhesabia, kamba ya kuruka na nyimbo. Nafundisha shule ya sekondari; kila siku naona vijana ambao macho yao yamezoea skrini kiasi kwamba ukurasa wa riwaya unawachosha kabla ya aya ya pili. Tena nilikuwa na hoja ya kitaalamu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwezi Aprili 2019 unaosema kwamba mtoto wa miaka mitatu au minne asikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi, ilhali anahitaji angalau dakika 180 za kucheza na kuushughulisha mwili. Mtoto aliyeamka na katuni katika simu ya mama yake anafika shuleni akiwa amekwisha kuila saa yake yote. Niliyasema hayo kwa ufasaha, nadhani hata kwa majivuno kidogo. Mwenzangu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanisogezea karatasi ya pili.

Lengo la kwanza lilikuwa limeandikwa halafu likakatwa kwa mistari miwili: *Watoto wawe mahiri katika kutumia vifaa vya kisasa.* Nilimwuliza kwa nini alilifuta, maana bila shaka hilo ndilo mwenye shule alilolitarajia. "Mwanangu wa miaka miwili hufungua simu yangu bila kufundishwa na mtu," alijibu. "Nitalipwaje mshahara kwa kukifundisha kidole jambo ambalo kidole kinalijua?" Hapo nikaanza kusoma kwa makini.

Lengo lililofuata ndilo ninalotaka kukaa nalo. *Kila mtoto asikie sauti yake mwenyewe ikisimulia kisa, angalau mara moja kwa mwezi.* Kumbe jambo hilo amekuwa akilifanya tangu mwanzo wa mwaka, kwa simu yake mwenyewe, bila kishikwambi na bila ruhusa ya mtu. Ana watoto 34. Kila juma huwachukua wachache, mmoja mmoja, wakakaa pembeni kwenye mkeka, akawauliza: jana ulifanya nini? Ulimwona nani? Hurekodi dakika moja au mbili, akaihifadhi pamoja na jina na tarehe. Mwezi ukipita hurudia, na kila baada ya muhula humsikilizisha mtoto sauti zake kwa kufuatana.

Alinisikilizisha mbili za msichana mmoja. Ya kwanza ina maneno manne, mawili ya Kirundi na mawili ya Kiswahili, na baada yake ni kelele za wenzake uwanjani tu. Ya pili, iliyorekodiwa miezi mitatu baadaye, ni kisa kamili. Bibi yake alianika ndagala mchangani ufukweni (ndagala ndio dagaa wa ziwa letu), kunguru wakaja, bibi akavua kiatu akawatupia, kiatu kikaangukia majini, na samaki wakakivaa. Wakakivaa! Mwalimu anasema mtoto huyo aliposikilizishwa sauti yake mara ya kwanza aliuliza, "Huyu ni nani?", na darasa zima likamjibu kwa jina lake.

Sasa fikirini. Mtoto wa darasa la sita ana madaftari. Mzazi akitaka kujua kama mwaka haukupotea bure hufunua ukurasa wa Septemba, akaulinganisha na wa Mei. Mtoto wa chekechea hana daftari la namna hiyo, kwani kinachokua ndani yake katika umri huo ni usemi, nao usemi huyeyuka hewani mara tu unapotamkwa. Simu ya mwalimu yule imeuzuia usiyeyuke. Hapo kifaa kimefanya kazi ambayo ubao, vizibo na nyimbo haziwezi kuifanya, nami sikuwa na la kujibu.

Nilijaribu hata hivyo kuingiza ualimu wangu. Katika kisa kile msichana anasema "kuku yangu". Ninyi mnajua ni mara ngapi nimewapunguzia alama kwa kosa hilohilo: kuku ni mnyama, basi huchukua upatanisho wa viumbe hai, kuku wangu. Nikainua kidole. Mwenzangu akanikata kauli: "Usimsahihishe. Msikilize kwanza." Akanisikilizisha sauti nyingine, ya mwezi uliofuata, na humo mtoto anasema "kuku wangu" mara moja na "kuku yangu" mara mbili. Sarufi ilikuwa inaingia yenyewe, polepole, kwa kusikia. Ninyi mnaojifunza Kiswahili mkiwa wakubwa hamtapata bahati hiyo, kwa hiyo kwenu alama zitaendelea kupunguzwa.

Lengo lake jingine ni kuzileta darasani sauti za nyumbani. Mama anayeuza nguo Ruvumera tangu asubuhi hawezi kuja shuleni kusimulia hadithi. Baba fundi wa magari vilevile. Lakini usiku anaweza kutuma ujumbe wa sauti: kitendawili, salamu, namna ya kumwita mjomba na shangazi katika lugha ya kwao. Asubuhi mwalimu huicheza mbele ya watoto wote. Buyenzi ni mtaa wa Kiswahili na Kirundi, pamoja na lugha zilizovuka mpaka kutoka Kongo, na mtoto anayesikia lugha ya bibi yake ikitoka katika simu ya mwalimu hupata heshima ambayo hakuna bango litakalompa. Vishikwambi vinavyouzwa tayari vikiwa na programu za watoto huja, kwa kawaida, na Kiingereza au Kifaransa, tufaha na theluji. Mtoto wetu atazikuta lugha hizo shuleni. Shule ya msingi ya Burundi inamngoja na Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili pamoja. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 29, unataka elimu imjengee mtoto heshima kwa wazazi wake, kwa utamaduni wake na kwa lugha yake. Sijui kifungu hicho kinatekelezwaje na picha ya tufaha.

Kutumia sauti kufundishia watoto wadogo si jambo jipya. Katika miaka ya 1970 huko Nikaragua hisabati ilifundishwa kwa redio, kwa vipindi vilivyotungwa ili mwanafunzi ajibu. Kenya ilijaribu utaratibu huo katika kufundisha Kiingereza mwanzoni mwa miaka ya 1980. Zanzibar nayo, kuanzia mwaka 2006, ilikuwa na vipindi vya redio vya watoto wadogo vilivyoitwa Tucheze Tujifunze, vikisikilizwa hata katika vituo vya kijamii pasipokuwa na shule ya maandalizi. Kilichonivutia katika vipindi vya aina hiyo ni ukimya wake. Sauti ya redio huuliza swali, kisha hunyamaza kwa sekunde kadhaa zilizopangwa, watoto wakajibu kwa pamoja, wakaruka, wakapiga makofi, halafu redio ikaendelea kana kwamba imewasikia. Mtunzi wa kipindi aliacha nafasi ya mtoto. Katuni nyingi zinazotazamwa katika simu hazina sekunde hata moja ya namna hiyo. Zinamtaka mtoto anyamaze. Zipo zinazojitahidi. Akili and Me, inayotengenezwa na Ubongo huko Dar es Salaam, ina msichana mdogo anayeishi karibu na Mlima Kilimanjaro na anayemwuliza mtazamaji maswali kwa Kiswahili. Ipo pia kwa Kinyarwanda, ambacho mtoto wa Kirundi hukielewa bila taabu kubwa. Mzazi asiyeweza kuinyima familia yake katuni anaweza walau kuchagua katuni inayomngoja mtoto ajibu.

Nilishangaa kuona lengo la uraia katika karatasi ya chekechea: *Mtoto ajue kwamba nyuma ya kila sauti na picha yupo mtu aliyeitengeneza.* Analifundisha kwa mchezo. Anacheza sauti iliyorekodiwa na watoto hukisia: ni nani anayesema? Yuko wapi? Kwa nini ametuambia hivi? Je, ni kweli? Wakati mwingine mwalimu hurekodi uongo kwa makusudi ("leo nimekuja shuleni nikiwa nimepanda kiboko") na watoto humbishia simu kwa kelele. Sisi wa ukanda huu hatuna haki ya kuuona mchezo huo kuwa mdogo. Mwaka 1993 na 1994, ng'ambo ya mpaka wetu wa kaskazini, redio moja ilizungumza kila siku na watu waliokuwa wameketi nyumbani kwao, na watu wengi mno hawakuuliza ni nani anayesema wala kwa nini. Simwambii mtoto wa miaka mitano habari hizo. Ila mazoea ya kukibishia kifaa huanza mapema, au hayaanzi.

Lipo na lengo la umeme, nalo ni fupi: kila somo liweze kuendelea hata simu ikizima. Kila anayeishi Bujumbura anajua sababu yake.

Tulipofika lengo la mwisho tulikosana. Aliandika kwamba picha za watoto zitumwe kila siku katika kundi la WhatsApp la wazazi, ili wazazi waone maendeleo. Nilimwambia nalipinga. Mkataba ule niliokwisha kuutaja, ambao Burundi iliuridhia mwaka 1990, unalinda katika kifungu cha 16 maisha ya faragha ya mtoto. Picha ikiingia katika kundi la watu 60 haina mwenyewe tena: itapelekwa kwa shangazi, kwa rafiki wa shangazi, kwa mtu asiyejulikana. Mtoto wa miaka minne hawezi kukubali wala kukataa jambo hilo. Na sauti je? Zile sauti 34, kila mwezi, zinakaa katika simu moja inayoweza kuibwa sokoni mchana kweupe. Nilipendekeza kila kilichorekodiwa kipelekwe kwa mzazi wa mtoto husika peke yake, na mwaka ukiisha kifutwe.

Kuhusu picha alikubali nusu. Mama wa Ruvumera, alisema, hana dirisha jingine la kuingilia darasani. Lakini basi, apelekewe picha ya mwanawe, si ya watoto wa wenzake. Kuhusu kufuta sauti alikataa kabisa. Mwaka jana, wakati wa likizo, mmoja wa wanafunzi wake alifariki kwa malaria. Baada ya siku arobaini mama yake alikuja shuleni kuuliza kama ile sauti bado ipo. Ilikuwa ya sekunde hamsini, mtoto akieleza jinsi ya kuosha miguu. Nyumbani hawakuwa na kitu kingine chenye sauti yake.

Sikuwa na kifungu cha mkataba cha kumjibu. Bado naamini kwamba sauti hizo ni mali ya watoto na wazazi wao, si ya shule, na kwamba lazima pawe na siku ambayo simu ya mwalimu inabaki tupu. Tulikubaliana walau kwamba kila mzazi akabidhiwe sauti za mwanawe zote mwaka unapoisha, kisha yeye ndiye aamue. Pengine hilo linatosha, pengine halitoshi. Ningependa kusikia namna ninyi mtakavyoliamua, kwa Kiswahili sanifu.

Maoni yangu kuhusu vishikwambi vyenyewe sasa ni haya. Shule isinunue hata kimoja kabla mwalimu atakayekitumia hajaandika lengo na kuonyesha kwamba lengo hilo halitimiziki bila kifaa. Ikinunua, ianze na kimoja kwa kila mwalimu. Nao wazazi wanaolipa ada iliyopandishwa wana haki ya kusimama katika mkutano na kuuliza mambo ambayo hayakuandikwa getini: malengo haya yameandikwa na nani? Mtoto wangu atasema mara ngapi kwa siku, na skrini itasema mara ngapi? Sauti yake itatunzwa wapi? Si utovu wa adabu kuuliza hivyo. Mwenye shule huuza huduma, na mnunuzi wa ndoo ya dagaa huruhusiwa kunusa kabla ya kulipa.

Mkutano ni Jumamosi ijayo. Katika karatasi yake nilisahihisha mambo matatu tu: upatanisho mahali pamoja, neno "maendeleo" lililojirudia mara nyingi mno, na tarehe. Aliondoka saa tatu usiku. Umeme ulikuwa umekatika mtaani kwetu tangu magharibi, simu yake imebaki na chaji kidogo sana, na aliniomba nimsindikize hadi kwa kinyozi mwenye jenereta ili aiache ichajiwe usiku ule, maana kesho yake ilikuwa zamu ya watoto sita kusimulia.